Usalama kwenye barabara kuu inayopita vijijini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu barabara ya lami yenye njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, inayobeba malori, mabasi, pikipiki, baiskeli na watu wa miguu kwa pamoja. Inakatiza mashamba, halafu ghafla inapita katikati ya makazi. Yameandikwa kwa ajili ya kamati za wakazi, walimu, madereva, na wahandisi wanaotakiwa kutoa jibu kesho asubuhi.

Barabara ilikuwa mbovu, ikawekwa lami safi, na sasa watu wanakufa zaidi. Imekuwaje?

Mashimo yalikuwa yanazuia mwendo. Yalipozibwa, magari yaliyokuwa yakijikongoja kwa kilomita 50 kwa saa sasa yanapita kwa 90 au 100, ilhali vingine vyote vimebaki palepale: soko liko ukingoni, shule iko ng'ambo, kona ni ileile, na ng'ombe wanavuka walipozoea kuvuka.

Nishati ya mgongano hupanda kwa mraba wa mwendo. Gari la kilomita 100 kwa saa lina nishati zaidi ya mara moja na nusu ya gari lilelile likienda 80. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kifo hupanda kwa karibu asilimia 4.

Chukua madereva wawili wanaomwona mtoto barabarani kwa wakati mmoja, mmoja akienda 80, mwingine 100. Kila mmoja anatumia sekunde mbili na nusu kutambua na kukanyaga breki, kisha anafunga breki kwa nguvu ya kawaida. Wa 80 anasimama baada ya mita 130 hivi. Wa 100 anafika mahali hapo hapo akiwa bado na mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa. Tofauti ya 20 iliyoonekana ndogo kwenye dashibodi imegeuka kuwa tofauti kati ya kusimama na kuua.

Si tuseme ukweli kwamba tatizo ni madereva wazembe?

Uzembe upo na lazima ushughulikiwe. Lakini hata dereva makini husinzia, huangalia kioo sekunde moja zaidi, hukadiria vibaya umbali wa lori. Mtoto wa miaka saba hawezi kupima mwendo wa gari linalokuja, na hakuna semina itakayombadilisha. Barabara inayosubiri binadamu waache kukosea itaendelea kuua miaka yote.

Ndiyo maana mwaka 1997 bunge la Uswidi lilipitisha msimamo kwamba barabara ijengwe kwa kudhani watu watakosea, na kosa lisigharimu uhai. Msimamo huo una vipimo vyake. Pale watu wa miguu na magari wanapochanganyika, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Pale gari linapoweza kugongwa ubavuni, usizidi 50. Pale magari yanapoweza kugongana uso kwa uso, usizidi 70. Zaidi ya hapo, tenganisha. Ukiipima barabara yako kwa namba hizi tatu, utajua mara moja ni wapi imeshindwa.

Tuanzie wapi? Tuna kilomita 40 na fedha za kilomita mbili.

Anzeni na ramani ya ajali za miaka mitatu hadi mitano. Msitegemee kumbukumbu za polisi peke yake, kwa sababu ajali nyingi za baiskeli na watu wa miguu haziandikwi. Ongezeni daftari la zahanati, waendesha pikipiki wanaoshinda kituoni, na wenye maduka wanaoona kila kitu. Kwa kila ajali andikeni mambo matano: mahali penyewe (kwa kutaja nguzo ya kilomita au kalavati), saa, hali ya hewa, nani aligongana na nani, na kila mmoja alikuwa anaelekea wapi.

Kisha tazameni kinachojirudia. Ajali za wakati wa mvua tu kwenye kona moja zinaonyesha lami iliyoteleza au maji yanayotuama. Za usiku tu, tatizo ni kuonekana. Za kugongwa kwa nyuma kwenye makutano, magari yanayosubiri kukata kona hayana pa kujiweka. Za gari moja kutoka barabarani, angalieni ukingo wa lami, kona, na uchovu. Mkiruka hatua hii, mtaweka taa mahali palipohitaji mtaro.

Halafu tembeeni kwa miguu. Piteni mchana, piteni usiku, piteni siku ya soko, na piteni saa watoto wanapotoka shule. Njia nyembamba zilizokanyagwa kwenye nyasi zitawaonyesha watu wanapovuka kweli, na mara nyingi si pale kivuko kilipochorwa.

Tunapimaje mwendo bila mashine?

Tafuteni sehemu iliyonyooka, pimeni mita 100 kwa utepe, wekeni alama mbili, na kaeni mahali msipoonekana, kwani wakiwaona watapunguza. Tumieni saa ya simu kupima muda wa gari kutoka alama moja hadi nyingine. Sekunde 4.5 ni kilomita 80 kwa saa, sekunde 3.6 ni 100, sekunde 7.2 ni 50. Mkono ukichelewa kwa sehemu mbili za kumi za sekunde, kwenye mwendo wa 100 mtakosea kwa kilomita 5 au 6, kosa linalovumilika.

Pimeni magari 100 yanayojiendea yenyewe bila kuzuiwa na la mbele. Yapangeni kuanzia la polepole. Mwendo wa gari la 85 kwenye mpangilio huo ndio wahandisi wanaouangalia zaidi. Ikiwa kibao kinasema 50 na gari la 85 linakwenda 84, mna hoja ambayo hakuna ofisi itakayoipuuza kirahisi.

Si tubadilishe tu kibao cha mwendo?

Kibao peke yake hushusha mwendo kidogo sana. Dereva anaitazama barabara: ikiwa ni pana, imenyooka na haina kitu pembeni, mguu wake unakandamiza mafuta hata kama kibao kinasema 50. Kinachofanya kazi ni lango la kijiji, yaani mahali panapomwambia dereva waziwazi kwamba ametoka porini na kuingia kwenye makazi. Vibao vikubwa viwekwe pande zote mbili za barabara, njia ifinywe kwa mistari au kwa kisiwa cha katikati, ukingo wa zege uanze, na taa za barabarani zianze hapo hapo. Lango likae nyumba zinapoanza. Likiwekwa nusu kilomita kabla, dereva ataona mashamba na kuanza tena kukimbia kabla hajafika panapohusika.

Kamera za mwendo husaidia, hasa zile zinazopima muda kati ya vituo viwili, kwa sababu dereva hawezi kufunga breki mbele ya kamera na kukimbia tena akishaipita.

Wakazi wanataka matuta, na wako tayari kuyajenga wenyewe. Kuna ubaya gani?

Tunaelewa kinachowasukuma, watu wakichoka kuzika huchukua koleo. Lakini tuta la kienyeji, jembamba na lenye kimo kikubwa, lisilo na rangi wala kibao, linarusha pikipiki, linavunja springi za basi na linamtesa mgonjwa aliyemo kwenye gari la wagonjwa. Likikutwa usiku kwa mwendo wa 100 linaua. Mkijenga bila idhini na mtu akafa, lawama ya kisheria inaweza kuwaangukia.

Tuta sahihi lina mgongo wa mviringo wenye urefu wa mita 3.7 kuelekea gari linakokwenda, na kimo cha milimita 75 hadi 100. Panapopita mabasi na malori mengi, tuta bapa lenye kilele tambarare ni bora, na kivuko kinaweza kuchorwa juu yake. Tuta linakaa ndani ya eneo ambalo mwendo umekwisha kushushwa hadi 50 au chini, baada ya lango, kamwe si kitu cha kwanza dereva anachokutana nacho. Lipakwe rangi inayoakisi mwanga na liwe na kibao kabla yake na kingine pale lilipo.

Kuna makosa mawili yanayojirudia. La kwanza ni kuacha nafasi pembeni: madereva na pikipiki hulikwepa tuta kwa kupanda bega la barabara, yaani ukanda wa pembeni ya lami, pale pale watoto wanapotembea. Wekeni vigingi imara kwenye bega. La pili ni kuziba maji: tuta linalofika hadi ukingo wa zege bila mwanya hutengeneza dimbwi, na dimbwi huila lami.

Rasta zinazokatiza barabara, yaani mistari midogo inayotikisa gari, hazichukui nafasi ya tuta. Zinaamsha na kuonya, lakini madereva hugundua upesi kwamba ukizipita kwa kasi zinatikisa kidogo kuliko ukizipita polepole. Zitumike kutangaza kitu kinachokuja: kona kali, makutano, lango. Pia zina kelele, kwa hiyo zikae mbali na madirisha ya watu wanaolala.

Kuna rasta za pembeni na za katikati. Hizo ni za nini?

Hizo ni mifereji inayochongwa kwenye lami sambamba na mstari wa pembeni au wa katikati, na katika vitu vyote tunavyovijua ni miongoni mwa vinavyorudisha fedha haraka zaidi. Gari likianza kuhama njia, tairi linanguruma na usukani unatetemeka. Aliyesinzia anazinduka. Mamlaka ya barabara kuu ya Marekani inatoa makadirio kwamba kwenye barabara za vijijini za njia mbili, mifereji ya katikati hupunguza ajali za uso kwa uso zenye vifo na majeruhi kwa asilimia 44 hadi 64.

Vipimo vya kawaida: kina cha milimita 10 hadi 13, upana wa milimita 180 kuelekea gari linakokwenda, urefu wa milimita 300 hadi 400 kukatiza, na milimita 300 kutoka katikati ya mfereji mmoja hadi katikati ya mwingine. Kwa mifereji ya pembeni, kila mita 12 hadi 18 acheni mwanya wa mita 3 hadi 3.7 ili baiskeli iweze kutoka na kuingia begani bila kutikisika. Lami nyembamba ya tabaka moja isichongwe, itaoza. Hapo tumieni mistari minene yenye vinundu vilivyoinuka.

Kwa nini gari likishuka kidogo kwenye lami linaishia kugongana na la mbele?

Kwa sababu ya ukingo wa lami uliosimama wima. Lami mpya inawekwa juu ya lami ya zamani, bega la changarawe halijazwi, na baada ya mvua chache tofauti inafika sentimita 10. Dereva anashusha tairi mbili, anashtuka, anakata usukani kurudi. Tairi linasugua ukingo na kukataa kupanda. Anakata zaidi. Tairi linapopanda hatimaye, magurudumu yamekwisha kugeuzwa mno, na gari linarushwa ng'ambo hadi kwenye njia ya wanaokuja.

Dawa yake ni rahisi kuliko zote. Wakati wa kuweka lami, mkandarasi afunge kwenye mashine kifaa kinachokandamiza ukingo uwe na mteremko wa nyuzi 30, ili tairi lipande taratibu. Halafu bega lijazwe changarawe na kushindiliwa hadi kulingana na lami, na kazi hiyo iandikwe kwenye mkataba kwamba lazima ikamilike kabla barabara haijafunguliwa. Kwenye matengenezo ya kila mwaka, popote tofauti inapozidi sentimita 5 ijazwe.

Na wewe dereva, ukishuka: usikate usukani, usifunge breki ghafla. Ondoa mguu kwenye mafuta, nyoosha gari, acha mwendo ushuke sana, kisha rudi taratibu mahali ukingo ulipo chini.

Miti ya kivuli na nguzo za umeme zina hatari kweli? Ziko nje ya barabara.

Gari lililotoka barabarani kwa mwendo mkubwa linahitaji mita 9 hivi za ardhi tambarare isiyo na kitu kigumu ili dereva apate kulidhibiti. Mti wenye kipenyo cha zaidi ya sentimita 10 tayari ni hatari. Vivyo hivyo nguzo, kichwa cha kalavati kilichochomoza, na mtaro wa kina wenye kuta wima.

Fuateni mpangilio huu wa maamuzi: kiondoeni, kama haiwezekani, kisogezeni mbali, kama haiwezekani, kifanyeni kivunjike au kipitike, mkishindwa kabisa, wekeni kingo, yaani kizuizi cha chuma au nyaya kinacholizuia gari lisifike kwenye hatari. Mteremko wa pembeni wa 1 kwa 4 au laini zaidi humruhusu dereva kurudi. Wa 1 kwa 3 gari litashuka hadi chini bila kupinduka kwa kawaida, lakini halitarudi, hivyo chini pawe wazi. Mkali zaidi ya hapo hupindua.

Kingo za chuma zimewekwa darajani lakini gari limetumbukia vilevile. Kwa nini?

Mara nyingi kingo ni fupi mno. Gari haliendi mtoni likiwa limefika darajani. Linaacha lami makumi ya mita kabla na kuteremka kwa mshazari nyuma ya kingo. Urefu unakokotolewa kutokana na mwendo na umbali wa hatari kutoka kwenye lami, na kukisia hapa ni kosa kubwa.

Angalieni pia haya. Juu ya chuma pawe na kimo cha milimita 700 hadi 790 kutoka ardhini, kutegemea aina. Tabaka jipya la lami likiongezwa, kingo inakuwa fupi na gari linairuka. Maungio yapishane kwa namna ambayo ncha ya chuma haimwelekei anayekuja. Mwisho wa kingo usiachwe wazi kama mkuki, kwani hupenya kwenye gari hadi kwenye kiti; utumike mwisho maalumu unaonyonya mgongano, au kingo ipinde na kuzikwa kwenye ukuta wa udongo. Panapoungana na ukuta wa zege wa daraja, vigingi visogezwe karibu karibu, la sivyo chuma kitajipinda na kulipeleka gari moja kwa moja kwenye kichwa cha ukuta. Na nyuma ya kingo pawe na nafasi ya kujipinda, mita moja au zaidi kwa kingo za chuma, mita mbili hadi tatu kwa kingo za nyaya. Kingo iliyogongwa na kuachwa imelala ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Ajali za kupita magari mengine zinazuilikaje?

Hesabu yake inatisha, na ni vema kila dereva aijue. Lori la mita 18 linakwenda 60. Gari dogo linataka kulipita kwa 80. Ukijumlisha urefu wa lori, wa gari, na nafasi ya mita 20 nyuma na mbele, linahitaji sekunde 11 hivi, na katika muda huo linasafiri karibu mita 250. Gari linalokuja kwa 100 nalo linasafiri zaidi ya mita 300. Kwa hiyo zinatakiwa mita 560 zilizo wazi, kabla ya kuweka akiba yoyote. Kwenye vilima hakuna mita 560.

Kuchora mstari usiokatika ni lazima, ila dereva aliyekaa nyuma ya lori nusu saa ataukanyaga. Mpeni matumaini: njia ya ziada ya kupandia mlima, au sehemu maalumu za kupitana, na kibao kinachosema "njia ya kupita, kilomita 2 mbele". Dereva anayejua zamu yake inakuja husubiri. Njia hiyo isiishie kileleni ambako hakuna anayeona mbele. Iishie baada ya kilele, malori yakiwa yamerudisha mwendo.

Barabara yenye upana wa mita 13 ina nafasi nzuri zaidi. Mwaka 1998 Uswidi ilianza kugeuza barabara kama hizo kuwa za njia tatu, mbili upande mmoja na moja upande wa pili, zikibadilishana zamu kila kilomita moja hadi mbili na nusu, zikitenganishwa na nyaya katikati. Vifo kwenye barabara hizo vilishuka kwa zaidi ya robo tatu.

Makutano ya barabara ya kijiji na barabara kuu yarekebishweje?

Kwanza kateni nyasi. Anayetoka barabara ndogo na kutaka kukatiza njia anahitaji mwanya wa sekunde 7.5, kwa magari ya 100 hiyo ni mita 208 za kuona. Lori lenye tela linahitaji sekunde 11.5, karibu mita 320. Mahindi, mabango ya biashara na magari yaliyoegeshwa karibu na makutano yanakula umbali huo. Kaeni kwenye kiti cha dereva, mita 3 hadi 5 nyuma ya ukingo, mhesabu mnachokiona.

Pili, wekeni kijinjia cha kusubiria kwa wanaokata kona kutoka barabara kuu, ili wasisimame katikati ya njia wakisubiri kugongwa nyuma. Tatu, barabara ndogo inayoingia kwa mshazari mkali inyooshwe ikutane kwa pembe ya kati ya nyuzi 70 na 90.

Panapokutana barabara nne na mwendo ni mkubwa, mzunguko ndio dawa. Makutano ya kawaida ya njia nne yana sehemu 32 ambapo magari yanaweza kugongana. Mzunguko wa njia moja una 8, na hakuna hata moja ya ana kwa ana. Makadirio ya Marekani kwa makutano yaliyokuwa na alama ya simama upande wa barabara ndogo ni kushuka kwa asilimia 82 kwa ajali za vifo na majeruhi. Mzunguko ufanye kazi yake kwa kupinda njia ya kuingilia, ili dereva asiweze kupita bila kupunguza. Duara la rangi katikati ya barabara iliyonyooka halimpunguzi mtu. Malori marefu yawekewe ukanda wa mawe ya kukanyagwa na magurudumu ya nyuma kuzunguka kisiwa.

Watoto wanavuka kwenda shule. Kivuko cha pundamilia kinatosha?

Kwenye barabara ya 80 au 100, michoro mitupu inaweza kuongeza hatari, kwa sababu inampa mtoto imani ambayo dereva haioni. Mtoto au mzee anayetembea mita moja kwa sekunde anahitaji sekunde 7 kuvuka mita 7. Katika sekunde hizo gari la 100 limekuja kutoka umbali wa mita 194. Kushusha mwendo hadi 50 kunapunguza umbali huo nusu. Kwenye kivuko cha shule lengo liwe 30.

Kitu kimoja chenye manufaa makubwa ni kisiwa cha katikati chenye upana wa mita 2. Mtu anavuka nusu, anasimama salama, anatazama upande mmoja tu, anamalizia. Kiwe na ukingo ulioinuka, vibao vinavyoakisi mwanga, na taa juu yake.

Kituo cha basi kikae baada ya kivuko, ili basi lililosimama lisimfiche anayevuka mbele yake. Vituo vya pande mbili vipishane mkia kwa mkia. Kwa mpangilio huo abiria wanavuka nyuma ya mabasi yote mawili. Na kati ya makazi na shule pawe na njia ya miguu iliyotenganishwa na lami kwa mtaro au nyasi. Njia hiyo iwe nyororo kuliko bega la barabara, la sivyo watu watarudi kwenye lami, na watakuwa na haki.

Daraja la juu la waenda kwa miguu linapendwa kwenye michoro na kukimbiwa mitaani. Likiongeza safari kwa dakika mbili na ngazi thelathini, mwenye mzigo kichwani atavuka chini. Hufaa pale tu ardhi yenyewe inapolipeleka, kwa mfano barabara ikiwa imechimbwa bondeni.

Usiku tufanye nini?

Taa za chini za gari humulika mita 40 hadi 60 hivi kwa mtu aliyevaa nguo nyeusi, ilhali gari la 80 linahitaji 130 kusimama. Kwa hiyo uonekanaji utangulie: mistari ya pembeni yenye upana wa milimita 150 badala ya 100, vioo vya kuakisi katikati ya barabara, vigingi vya pembeni, na vibao vya mishale kwenye kona vilivyopangwa ili dereva aone angalau viwili kwa wakati mmoja. Taa za umeme zikiwa chache, zipelekwe kwenye makutano na vivuko. Malori na matela yabandikwe utepe unaoakisi mwanga nyuma na ubavuni. Lori lisilo na taa kwenye giza ni ukuta.

Lori limeharibikia njiani. Utaratibu ni upi?

Litoke kwenye lami hata kama ni kwa kusukumwa. Washa taa za tahadhari, weka pembetatu mita 100 au zaidi nyuma, na nyingine mbele. Kama kuna kona au kilele, pembetatu itangulie kabla ya hicho, mahali anayekuja bado ana nafasi ya kupunguza. Watu wakae nje, mbali na barabara. Matawi yakitumika kwa dharura, pamoja na mawe ya kuzuia magurudumu, yaondolewe yote kabla ya kuondoka. Mawe yaliyosahauliwa yamewaua waendesha pikipiki wengi.

Na mvua?

Lami iwe na mwinamo wa asilimia 2 hadi 2.5 ili maji yashuke. Kinachosahaulika ni nyasi na udongo pembeni: huota na kuinuka hadi juu ya lami, maji yakakosa pa kutokea. Chongeni bega mara kwa mara, zibueni kalavati kabla ya masika, na jazeni makorongo ya magurudumu ya malori. Tairi lenye mifereji chini ya milimita 1.6 halifai kabisa, na chini ya milimita 3 breki kwenye maji imekwisha kudhoofika.

Mifugo inavuka popote. Tuizuie?

Ielekezeni. Chagueni mahali pa kuvukia panapoonekana kutoka mbali, wekeni uzio mfupi wa kuwaongoza, kibao pande zote, na wachungaji wawili: mmoja mbele, mmoja nyuma. Magharibi na alfajiri wasivuke. Panapojengwa kalavati jipya, ombeni lipanuliwe mapema ng'ombe wapite chini; kuongeza baadaye ni ghali.

Ajali imetokea mbele yetu. Tufanye nini kabla ya msaada kufika?

Zuieni ajali ya pili kwanza: watu wawili waende pande zote mbili kuashiria magari. Zimeni injini. Pigeni simu na mtaje nguzo ya kilomita, idadi ya majeruhi, na kama kuna aliyebanwa. Damu inayobubujika ikandamizwe kwa kitambaa bila kuachia. Majeruhi wasihamishwe isipokuwa pana moto au hatari nyingine. Asiye na fahamu lakini anapumua alazwe kwa ubavu, kichwa na mgongo vikigeuzwa pamoja.

Lori la mafuta likipinduka, hakuna mtu wa kusogea na ndoo. Hakuna. Mvuke wa petroli hauonekani, unatambaa chini, na cheche ya pikipiki inatosha. Ondoeni watu mita 300 upande upepo unakoelekea. Likishika moto, mita 800 pande zote.

Tutajuaje kama tulichofanya kimesaidia?

Msiseme "mwaka jana walikufa sita, mwaka huu wawili" na kufunga faili. Mahali palipochaguliwa kwa sababu ya mwaka mbaya huwa panapoa mwaka unaofuata hata pasipoguswa, kwa bahati tu. Linganisheni miaka mitatu kabla na mitatu baada, na mtazame pia sehemu nyingine ya barabara hiyohiyo ambayo haikurekebishwa.

Wakati mnasubiri, pimeni vinavyobadilika mapema: mwendo wa gari la 85 mahali palepale na saa ileile, mwezi mmoja na kisha mwaka mmoja baada ya kazi, idadi ya madereva wanaosimama kwenye kivuko kati ya kila 50, na ni wangapi wanakwepa tuta kwa kupanda bega. Mwendo ukiwa haujashuka, msingoje miaka mitatu. Rudini kwenye lango la kijiji mkaangalie kilichowekwa, kilichong'olewa, na kilichofunikwa na nyasi.